Viatu vya Baba na Wimbo wa Malkia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa miguu ya kusimamia na magoti ya kuinamia, akatufundisha wakati wa hili na wakati wa lile. Namshukuru kwa umri huu mrefu, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa wazazi walionilea katika dini Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, na kila aliyemfuata kwa wema. Baada ya shukrani hizo, nasema kwamba nina hasira. Yeye anajua. Nimemwambia mara nyingi juu ya mswala kabla ya kuwaambia ninyi.

Hasira hii imewazidi umri watoto wangu wote. Nimeiombea iondoke, haikuondoka. Nimejifunza kuishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu: siku nyingine hulisikii kabisa, na siku nyingine huwezi kuinuka kitini.

Nilizaliwa Majengo, hapa Meru. Baba alikuwa na bucha karibu na msikiti. Babu yake alikuja huku na misafara akabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kimeru cha mama. Mama alizaliwa upande wa Nkubu, akasilimu alipoolewa. Mama yake, yaani nyanya yangu, alibaki na kanisa lake na shamba lake. Alikuwa akija kwetu na ndizi mbichi mgongoni, anakaa jikoni sisi tukiswali, kisha anatuambia kwamba Murungu, ndilo jina la Mungu kwa Kimeru, ana masikio mawili, basi si vibaya watu wa nyumba moja kumsemesha kila mmoja upande wake. Baba alicheka sana kwa maneno hayo. Alimpenda mama mkwe wake. Watu wa Majengo walimtania kwamba amemwoa binti kwa ajili ya mama.

Ikaja miaka ya Hali ya Hatari, ile tuliyoiita Imajensi. Serikali iliamua watu wa milimani wasikae tena kila mmoja kwenye shamba lake, bali wakusanywe vijijini na kuzungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha. Homgadi, yaani wenyeji waliopewa bunduki na serikali kuwalinda watu na kuwachunga, walifika kwa nyanya asubuhi moja wakamwambia atoe vyombo. Alitoa chungu, jembe na blanketi. Nyumba wakaichoma. Mjomba wangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa ameshapelekwa kambi ya kizuizini kwa tuhuma za kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Kwa hiyo bibi kizee yule aliingia kijijini peke yake, kwenye kibanda ambacho udongo wake haujakauka, na kifua kikamshika.

Habari zake tulizipata kwa mwanamke mmoja wa kijiji hicho aliyeruhusiwa kuleta mboga sokoni Meru. Aliketi jikoni kwetu akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mama yenu anakohoa," alimwambia mama. "Anakohoa mpaka anashika ukuta. Chakula ni kile cha kugawiwa, na yeye hawezi kusimama foleni. Mkimwacha huko, mvua hizi hazimwachi."

Baba alikuwa mlangoni. Siku hiyo hiyo alikitoa kitanda kilichokuwa stoo, akanunua kamba mpya ya katani, akakisuka upya uani, akivuta kila kamba kwa mguu mpaka ikalia. Alikiweka kwenye chumba cha mbele, ambako jua la asubuhi linaingia. Mama alitandika shuka. Mimi nilipewa kazi ya kufagia chumba kile kila siku, ingawa hakuna aliyelala humo.

Kulibaki kitu kimoja tu, cheti. Wakati huo mtu wa mlimani hakutoka kijijini wala hakuingia mjini bila cheti cha ruhusa kutoka boma, yaani ofisi za serikali ya wilaya. Baba alikwenda boma mara nyingi, akarudi mara nyingi. Mwishowe karani akamwambia cheti kitasainiwa, lakini hatapewa dirishani. Kungekuwa na baraza kubwa kwenye uwanja wa boma. Bendera ingepandishwa, wimbo wa Malkia ungepigwa, na baada ya wimbo watu watiifu wa mjini wangeitwa mbele ya wote kupokea walichoomba, ili wa milimani waone faida ya utii.

"Usimame vizuri tu wakati wa wimbo, Mzee," karani alisema. "Ukisimama vizuri, mama mkwe wako analala kwako usiku huo."

Hapo ndipo wimbo ulipoingia katika maisha yetu. Yaani, uliingia zaidi, maana ulikuwa umeingia zamani.

Vijana wa leo hawajui sheria za wimbo ule. Kila jioni bendera iliposhushwa boma, tarumbeta iliupiga, na popote uliposikika ulitakiwa usimame. Ukiwa na baiskeli, unashuka. Ukiwa na kuni kichwani, unasimama nazo hapo hapo, shingo ikuume. Mtoto akilia, mama yake anamziba mdomo. Askari walikuwa wakizunguka na fimbo kutafuta mguu unaotikisika. Niliwahi kumwona baba amesimama na kisu kikiwa ndani ya paja la ng'ombe, mteja amesimama mbele yake na kikapu wazi, na kati yao nzi wanatua na kuruka watakavyo.

"Hawa nao vipi?" mteja alinong'ona bila kufungua midomo.

"Hawa hawana kipande cha utambulisho," baba akanong'ona vile vile. "Serikali bado inawatafuta majina."

Na kwa kuwa bendera ilishushwa karibu na magharibi, siku nyingine tarumbeta ilichelewa ikaingia juu ya adhana. Mwadhini wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali, aliwekwa ndani siku nzima kwa kuadhini juu ya wimbo. Tangu hapo akawa anasimama mlangoni mwa msikiti, mkono sikioni, akiingoja tarumbeta imalize. Alisema Mungu ni mvumilivu, lakini jua halina subira.

Nami nasema hivi. Wimbo ule tulielezwa maana yake shuleni: ulikuwa dua. Ulimwomba Mungu amlinde bibi mmoja aliyekaa ng'ambo ya bahari. Sina ugomvi na dua. Hata adui huombewa. Lakini dua hutoka moyoni kwa hiari ya mtu. Dua inayosimamiwa na bunduki si dua. Ni matusi, na anayetukanwa ni Yule anayeombwa. Hilo lilimuudhi baba kuliko fimbo zote, ingawa alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndugu.

Wiki ya baraza, mjumbe wa chifu alipita Majengo akitangaza sheria za siku hiyo. Watu wote wasimame wima, mikono ubavuni. Hakuna kukohoa, hakuna kutembea. Wanaume wote wavue kofia.

Hapo kwenye kofia wazee wa msikiti wakakaa kikao barazani kwetu. Kwa mzungu, heshima ni kuweka kichwa wazi. Kwetu heshima ni kukifunika kichwa na kuvua viatu. Nani anaingia mahali pa kumtaja Mungu na viatu vyake vya mavi ya ng'ombe? Baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haja kubwa ya siku ile kwisha salama, alisema twende tuulize, tusije tukakosea. Wakaenda yeye na mwadhini kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Mkalimani alikuwa mtu wa milimani aliyesoma misheni, kijana nadhifu. Aliwasikiliza, akamgeuzia Disii maneno, kisha akawarudishia jibu.

"Bwana anasema, kila mtu asimame kwa heshima ile ile anayoitoa katika nyumba yake ya ibada."

Walirudi na furaha. Mwadhini aliingia uani kwetu akisema, "Yule mzungu ana akili. Amesema kama kadhi!"

Asubuhi ya baraza baba alipaka viatu mafuta ya mbuzi, akavisugua kwa kitambaa mpaka vikameremeta. Vilikuwa viatu vyake vya Idi, vyeusi, vya kufunga kamba. Mama alifunga blanketi na kibuyu cha uji, kwa sababu rafiki wa baba mwenye lori la ngozi alikuwa amekubali kuelekea Nkubu mara baraza litakapokwisha. Nilikuwa na kanga mpya ya kumfunika nyanya. Naikumbuka harufu yake ya dukani.

Uwanja ulijaa. Watu wa vijiji waliketishwa chini wakiwa wamezungukwa na homgadi. Wanaume wa Majengo waliwekwa mbele, kama bidhaa ya dirishani, na sisi wanawake pembeni. Mwadhini alimtazama baba miguuni.

"Leo umeng'aa kuliko gari la Disii," alisema. "Ukivivua hapa, uvikalie. Watu hawa wana njaa ya viatu."

"Sivikalii," baba akamjibu. "Nikivikalia nitakuwa nimeketi wakati wa wimbo, na mama mkwe wangu atabaki huko."

Wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichomsikia baba akicheka kwa muda mrefu sana.

Bwana Disii hakuwapo. Ilisemekana ameitwa safarini. Mahali pake alikuwapo ofisa kijana, mgeni wa wilaya, mwenye uso uliobabuka kwa jua. Kando yake chifu, na nyuma yao mkalimani. Kwenye meza palikuwa na vyeti vimewekewa jiwe visipeperuke. Wazee walikuwa wamepatana kuvua viatu mapema, mara tu wimbo utakapotangazwa. Lakini haukutangazwa. Santuri iliwekwa ndani ya Landrova, kipaza sauti kikakwaruza, na wimbo ukaanza ghafla.

Baba akainama. Wote wa safu ya mbele wakainama kufungua kamba, kofia kichwani, haraka haraka, mgongo kwa mgongo. Kisha wakasimama wima, nyayo kwenye nyasi, mikono ubavuni, macho mbele. Sijaona watu waliosimama vizuri kama wale. Hata leo nikifumba macho nawaona. Viatu vimepangwa mbele yao, visigino pamoja, kama mlangoni mwa msikiti.

Chifu ndiye aliyepiga kelele. Wimbo haujaisha, na sheria ilikuwa hakuna mtu kusema, lakini yeye alipiga kelele.

"Wanavua viatu! Bwana, tazama! Wanavua viatu!"

Nilikuwa msichana mdogo, sikuelewa. Waliokuwa wameketi chini walielewa wote, maana niliona vichwa vikiinama kama majani yakipitiwa na upepo. Huko msituni, mtu alipolishwa kiapo, alivua kwanza viatu, na saa, na kila kitu cha kizungu mwilini. Kila homgadi aliijua dalili hiyo. Na hapa, mbele ya bendera, kwenye wimbo wa Malkia, wanaume wa mjini wamevua viatu wakabakiza kofia.

Sisi wa Majengo hatukuwa na habari na kiapo hicho. Hatukulishwa, hatukualikwa. Baba alikuwa akivua viatu mara tano kwa siku tangu utotoni. Angewezaje kujua kwamba mguu mtupu umekuwa kosa?

Ofisa alikuja mbio na bastola mkononi. Wengine kwenye safu walirudisha miguu ndani ya viatu bila kuinama. Siwalaumu. Baba na mwadhini hawakutikisika, kwa sababu wimbo ulikuwa bado unapigwa, na waliambiwa wasitikisike.

"Bwana," baba alisema, sasa kwa sauti, "hivi ndivyo tunavyosimama mbele ya Mungu. Tuliuliza. Tulijibiwa. Huyu hapa alikuwapo."

Akamwelekezea mkalimani kidevu, maana mikono ilikuwa imeshashikwa.

Ofisa akamgeukia mkalimani, akamwuliza kwa lugha yao. Chifu naye akamtazama mkalimani. Kijana yule aliyesoma Injili, aliyejua neno kwa neno kilichosemwa ofisini, alikitazama kidole cha chifu kikigonga mkanda wa bastola, kisha akavitazama viatu vyake mwenyewe. Akasema neno fupi. Hata mimi nisiyejua Kizungu nilijua neno lile. Lilikuwa "hapana".

Nimewasamehe wengi. Ofisa yule alikuwa mgeni na mwoga, na mwoga mwenye silaha ni kama ng'ombe aliyeona damu. Mkalimani nimemwombea pia, lakini kila nikimwombea nalazimika kurudia, kwa sababu mara ya kwanza huwa ninadanganya.

Walichukuliwa wote wawili, peku. Mwadhini aliachiwa jioni kwa uzee wake. Baba alipelekwa kambini. Kusanyiko likaamriwa lisimame, na wimbo ukawekwa tena tangu mwanzo, maana ilisemekana uliharibiwa.

Mama hakulia. Alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye meza ya vyeti. Chifu alikuwa pale akipangusa jasho.

"Mzee," mama alimwambia kwa Kimeru, na kichwa ameinamisha, "cheti kile kimesainiwa. Nipe, lori linangoja."

"Cheti cha nani?"

"Cha mama yangu, aliye kijijini Nkubu."

"Si ndicho alichoomba mume wako?"

"Ndicho. Lakini cheti si cha mume wangu, Mzee. Ni cha mama. Mama hana makosa. Yeye hana hata viatu."

Chifu akaangalia homgadi waliokuwa karibu, kuona kama wanasikiliza. Walikuwa wanasikiliza.

"Basi hana cha kuvua," alisema. Wakacheka. Akaliinua lile jiwe, akatafuta karatasi yetu, akaichana mara moja katikati, bila haraka, kama mtu anayechana jani la mgomba. "Mwambie aje na miguu yake. Ya mume wako tunayo."

Tulirudi nyumbani na kibuyu cha uji. Mama alikimimina kwenye shina la mpapai uani. Kitanda kilikuwa pale pale, na jua linaingia.

Baada ya siku chache nilitumwa dukani, nikapita kwenye kizuizi cha barabarani. Homgadi aliyekagua vipande alikuwa amevaa viatu vya baba. Nilivijua kwa kovu la kisu ubavuni, palipoanguka kisu buchani asubuhi moja ya Idi. Vilikuwa vikubwa kwake, amevifunga kwa kamba ya mgomba. Akanitazama nikitazama. "Unataka nini wewe? Hujawahi kuona viatu?" Nilikwenda zangu. Nilikuwa nimefundishwa Kurani na adabu.

Mvua hazikumwacha nyanya. Mwanamke wa mboga alikuja tena. Safari hii hakuomba chai. Alisimama jikoni akamwambia mama kila kitu, na mama akamsikiliza bila kukaa.

Nyanya alikuwa amepata habari kwamba tunakwenda kumchukua. Akafunga chungu chake ndani ya blanketi, akawa anakwenda kuketi langoni mwa kijiji tangu asubuhi. Homgadi wanamfukuza, anajikokota kibandani, kesho anarudi. Mvua ikanyesha, akakaa. Akawaambia wanawake wenzake, "Mkwe wangu si mtu wa kusahau. Ni shughuli za nyama tu." Alikufa akiwa na chungu kimefungwa.

Wanawake walipewa ruhusa kumzika nje ya handaki, kwenye mteremko, pale walipozikwa wengine wa kijiji hicho waliomalizwa na njaa na homa. Walifanya baada ya kazi ya lazima, kwa hiyo ilikuwa jioni. Walikuwa wamemfunga kwenye lile blanketi, wanamshusha, wawili kichwani na wawili miguuni. Ndipo tarumbeta ikalia kwenye ngome ya homgadi. Bendera inashushwa.

"Tulisimama," mwanamke yule alisema. "Tungefanyaje? Askari alikuwa juu ya handaki anatutazama. Tulisimama tumeshika blanketi, mama yako ananing'inia, hayupo juu wala hayupo chini. Mikono ilituchoka. Nikasema moyoni, akianguka nitapigwa, na nisipomwangusha nitakufa. Wakamaliza. Ndipo tukamshusha."

Hapo ndipo mama alipolia.

Nimeandika habari hii yote ili nifike hapo. Mambo mengine ya miaka ile yamepata wa kuyasema: mapigano, makambi, mashujaa. Hili la blanketi sijalisikia popote. Kuna sheria iliyosema mwili wa binadamu ungoje kitambaa kishuke mlingoti. Kuna mtu aliyeiandika ofisini akanywa chai yake. Mungu wangu, mimi ni mja Wako mvumilivu, na umenipa neema nyingi, lakini mtu huyo nakuachia Wewe. Mimi siwezi.

Baba alirudi baada ya mvua mbili kupita, amekonda, nyayo zimekuwa ngumu kama kwato. Hatukuambiwa siku. Aliingia tu mlangoni, akamtolea mama salamu, na neno lake la pili lilikuwa, "Mama alifika?"

Huko kambini alikuwa amejiambia kwamba mama angepewa kile cheti. Kilikuwa kimesainiwa, alikiona kwa macho yake chini ya jiwe. Mama akatikisa kichwa. Baba akaingia chumba cha mbele, akakigusa kitanda. Kamba zilikuwa bado zimekaza. Aliketi sakafuni kando yake, na usiku ule na mwingine mwingi uliofuata alilala hapo sakafuni.

Uhuru ulipokuja, ulikuja na bendera mpya na wimbo mpya, tukafurahi kweli. Uwanja ulikuwa ule ule. Na aliyesimama kwenye kipaza sauti kutufundisha sheria za wimbo mpya alikuwa chifu yule yule, amevaa suti: watu wote wasimame wima, mikono ubavuni, wanaume wavue kofia. Mwadhini alikuwa amefariki. Baba alisimama. Hakuvua kofia wala viatu, na hakuna aliyemgusa. Tulipokuwa tukirudi nikamwuliza kama wimbo umempendeza.

"Wimbo ni mzuri," alisema. "Ni dua nzuri. Ningeusikia vizuri zaidi kama ungeletwa na mdomo mwingine."

Mjomba wangu alipotoka kambini alionyeshwa mteremko na yule mwanamke wa mboga, naye akatuonyesha. Vijiji vilipovunjwa na watu kurudi mashambani, ardhi ile ilibaki ya umma, na kwa kuwa ilikuwa ya umma, ikajengwa shule ya msingi. Handaki likafukiwa. Mteremko ukasawazishwa ukawa uwanja wa gwaride. Mlingoti wa bendera umesimama takriban mahali alipolala nyanya. Hakuna jiwe, hakuna kibao. Mjomba aliwaambia wakati wa kujenga. Aliambiwa kila mahali kumezikwa mtu, Mzee, tusipojenga juu ya watu tutajenga wapi.

Mwaka jana nilikwenda huko, kwa wajukuu wa mjomba, na Jumatatu asubuhi nikamsindikiza mtoto wao shuleni. Watoto walikuwa wamejipanga. Bendera ikaanza kupanda, wakaanza kuimba. Nikainama kufungua viatu. Siku hizi naviinamia polepole.

Mwalimu mmoja, msichana mwenye adabu, akanijia kwa kunyata. "Nyanya," alininong'oneza, "samahani, wimbo umeanza. Tunasimama wima."

Nilimaliza cha pili, nikaviweka pamoja, visigino sawa. Nikasimama, nyayo kwenye udongo, kichwa kimefunikwa, mikono ubavuni. Sikumjibu mpaka watoto walipomaliza, kwa sababu sheria naijua.

"Mwalimu," nilimwambia, "chini ya mlingoti huu yuko mama wa mama yangu. Walipomshusha, walisimamishwa kwa wimbo. Baba yangu alivua viatu kwa ajili yake, na kwa hivyo hakumpata. Basi nami navivua, na leo hakuna wa kunichania cheti."

Alinitazama, kisha akautazama mlingoti. "Hatukuambiwa," alisema.

"Najua. Hakuna aliyewaambia. Sasa umeambiwa."

Nilimwomba mwalimu mkuu nafasi ya jiwe dogo, lenye jina lake na majina ya wengine wale ambao bado kuna wanaowakumbuka. Amesema ataliwasilisha kwenye kamati. Nimemwuliza tena. Amesema kamati haijakaa. Ninaendelea kuuliza, na Mungu akinipa uhai nitauliza mwaka huu pia, kwa sababu subira niliyofundishwa mimi si kunyamaza.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akutie nguvu miguuni, usimame unapopenda kusimama na uiname kwa kumpenda Yeye. Akukinge na mtu anayejua ukweli akatazama viatu vyake. Wagonjwa wako wafike kwenye vitanda ulivyowasukia. Na siku yako ya kushushwa ardhini, mikono iliyokubeba isisimamishwe na yeyote. Amina.